Mshipi wa Bafta

Nimerudi juzi kutoka Nakuru, kwenye arobaini ya Hamisi. Watoto wake walinikalisha mkeka wa mbele, karibu na shekhe, na baada ya kisomo mkubwa wao akaniuliza nilijuana vipi na baba yao. Nikamwambia tulilala chumba kimoja mtaa wa Bondeni mwaka ule wa Hali ya Hatari, tulipokuwa vijana. Akatikisa kichwa kwa heshima, akaniongezea pilau, wala hakuuliza zaidi. Vijana wakisikia Hali ya Hatari hudhani wameshasikia yote. Sikumwambia kwamba baba yake ndiye aliyefunga fundo moja lililonigeuzia maisha, na kwamba mwenyewe hakulisahau mpaka anakufa. Kila tulipokutana, hata alipokuwa mzee wa mkongojo, hakukosa kusema, “Issa, siku ile mimi sikujua,” nami nilimjibu, “Najua hukujua.” Sasa hakuna wa kuniambia hivyo tena, na nimeona niandike kabla na mimi sijamfuata.

Ya ukoo wangu nayaacha, hayana jipya. Inatosha kujua kwamba mimi ni mtu wa Kondoa, Tanganyika, na kwamba mama yangu alikuwa akipoteza macho. Moja lilikwisha kabisa. La pili lilikuwa linaona ukungu, na daktari wa misheni alisema linaweza kupasuliwa likapona, ila lisicheleweshwe, kisha akataja gharama. Gharama ile ungeuza mbuzi wetu wote na zizi lao usiifikie. Watu waliotoka Kenya walisema Nakuru kuna kazi za malori, basi nikapanda basi la Arusha, nikavuka mpaka, na kabla mwezi haujaisha nikawa tanboi, yaani utingo, wa lori la Singasinga mmoja aliyebeba mahindi na pareto kutoka mashamba ya wazungu, leo Bahati, kesho Kabazi, kesho kutwa Ndabibi. Nilipanga kukaa mwaka mmoja, nikusanye, nirudi, mama aone.

Chumba kilikuwa katika nyumba ya Bi Zaina, mjane mwenye sauti nzito aliyesema hapangishi ila wageni wa dini yake, na kodi ikichelewa akatishia kupangisha hata mashetani. Kuta zilikuwa za udongo na paa la madebe yaliyopasuliwa yakanyooshwa, na vumbi jeupe la Nakuru lilipenya kila mahali, hata kwenye ugali ulilisikia menoni. Upepo ukivuma kutoka ziwani ulileta harufu ya magadi, ukivuma kutoka stesheni ulileta moshi. Tulikuwa watatu. Kitanda cha mlangoni kilikuwa cha Hamisi, mtu wa kabila la Wawanga wa Mumias, kijana mwenye mabega mapana aliyepakua magunia kwenye ghala la nafaka na kucheka kabla mzaha haujaisha. Cha kati kilikuwa changu. Cha dirishani kilikuwa cha Mzee Feruzi, Mnyasa, fundi cherehani kwenye baraza ya duka la Mhindi. Alikuja Kenya na jeshi zamani za vita vya kwanza, akibeba mizigo ya watu, akaagiza salamu kwao kwamba anarudi msimu ujao. Hakurudi. Alipokuwa akisimulia hayo alikuwa akicheka kidogo na kuendelea kutunga uzi, nami niliyekuwa na mipango yangu ya mwaka mmoja nilimwona kama mtu wa kuhurumiwa tu.

Mzee huyu ndiye aliyenifundisha pesa. Mshahara wa kwanza niliupeleka nyumbani kwa hawala ya posta. Shilingi ilikuwa moja Kenya, Uganda na Tanganyika, hakukuwa na cha kubadilisha. Lakini dirishani walikata yao, na kule kwetu mama alishikwa mkono na mtoto wa jirani mpaka bomani, ambako karani aliyemshuhudia akiweka dole gumba naye alitaka chai. Iliyofika nyumbani ilikuwa imechoka. Nikaenda benki, ile yenye ngazi za mawe, nikasimama nyuma ya memsahibu mmoja mpaka karani akaniuliza bwana wangu ni nani aliyenituma. Nilipomwambia nimejituma mwenyewe, akanisomea kiasi cha kufungulia, na cha kulipa kila ukipeleka pesa nje ya Kenya, na mahali pa kutia sahihi. Nilirudi Bondeni nimenuna. Tulikuwa tunakula maharagwe na ugali katika sinia moja, na Hamisi akaniuliza kama benki wameniamkia vizuri.

“Benki ni nyumba ya watu wenye nazo,” alisema Mzee Feruzi. “Wewe napeleka pesa yako wakuwekee, halafu siku unataka, wanakukata ati wamekuwekea. Hii ni akili ya wapi?”

“Sasa niweke wapi, mzee?”

“Mgeni haweki pesa mahali hawezi kukimbia nayo. Lakini kwanza niambie, wewe iko na sanda?”

Hamisi aliacha kutafuna. Mimi nilidhani mzee anatania, lakini alinawa mikono, akavuta sanduku la bati kutoka chini ya kitanda na kutoa furushi lililofungwa kwa nguo ya gunia la sukari. Ndani mlikuwa na bafta mpya nyeupe, vipande vitatu vilivyokatwa tayari, na pamba, sabuni na kafuri katika karatasi. “Pesa ya kwanza ya mgeni ni ya hii,” alisema. “Mtu wa hapa akikufa, ndugu wanatoa. Mgeni akikufa, wanapitisha kofia. Mimi nimebeba mizigo ya watu maisha yangu yote, sitaki kofia ipitishwe juu yangu, wala sitaki kushikwashikwa kama gunia.” Niliona aibu kuitazama bafta ile, ikawa kama nimemkuta mzee akioga. Baadaye nilijua kwamba wageni wengi wa Kiislamu mjini walikuwa nayo, kila mmoja na furushi lake, na wenzake chumbani walijua lilipo.

Kesho yake kwenye baraza ya duka alinishonea mshipi. Alitumia kipande kilichobaki alipokata sanda yake, ukanda mrefu wa bafta uliokunjwa mara mbili, wenye mfuko ndani wa urefu wote. Noti zilikunjwa kwa urefu, zikalala moja baada ya moja, kisha akapiga juu yake mishono midogo ya kuzibana, hata ukiupinda haukutoa sauti wala uvimbe. Kila mwisho wa mwezi nilimpa noti zangu, akafumua palepale palipoishia na kushona upya. Hakuomba hata senti moja. “Hiki kiuno hakikati ada,” alikuwa akisema, akinipiga mgongoni. Nilivaa mshipi ule ndani ya shati nikipakia mahindi, nikilala nao, nikiusikia kiunoni kama mkono wa mama. Sijawahi kuwa tajiri, lakini najua tajiri anavyojisikia, kwa sababu ya miezi ile.

Kisha mji ukaharibika. Ulikuwa umeshaharibika kabla, lakini sasa uharibifu uliingia mpaka uani kwetu. Mama aliyetuuzia uji wa asubuhi, Mkikuyu, alipakiwa kwenye lori pamoja na jirani zake wote, na sufuria yake ikabaki juu ya mafiga na uji ndani. Kupitia ukuta tulimsikia Bi Zaina akiongea na wanawake wenzake kwa sauti ambayo hakuwa nayo siku zote.

“Wamepelekwa wapi?”

“Nani anajua. Wanasema wanarudishwa kwao.”

“Kwao si ni hapa?”

Msako ulianza kuja alfajiri, askari na mzungu mmoja, wakitoa watu nje, wakipindua magodoro. Sisi wengine walituacha tukionyesha vyeti, ila kijana aliyekutwa na noti nyingi mwilini aliulizwa anampelekea mpiganaji gani huko msituni. Nyumba ya tatu kutoka kwetu walimchukua kijana wa Kimeru, dobi, kwa akiba yake tu. Pesa ikachukuliwa, na yeye pia. Mgeni ni kuku mweupe, na mimi nilikuwa mweupe mwenye pesa kiunoni. Sikulala. Nikamwambia Mzee Feruzi nataka nirudi kwetu mara moja na hiyo niliyo nayo, akanikataza. Magari ya kusini yalikuwa yakisimamishwa kila kizuizi na watu kupekuliwa mpaka viatu. Alifikiri kidogo, Hamisi akiwa bado ghalani, akavuta sanduku lake. “Lete,” alisema. Akauweka mshipi wangu katikati ya bafta, akafunga furushi. “Askari gani atafungua sanda ya mtu?”

Na kweli hawakufungua. Msako uliofuata, askari mmoja alilitoa furushi sandukuni na kulipima kwa mkono. “Hii ni nini?” Mzee Feruzi, amesimama na fulana yake iliyotoboka, akajibu kwa upole, “Hiyo ni nguo yangu ya kaburi, afande.” Askari aliliachia kana kwamba limemwunguza, akajifuta kiganja kwenye suruali, akatoka. Tulicheka sana tulipokuwa tunapanga magodoro. Hamisi alicheka kuliko sisi, kwa ajili ya yule askari tu. Habari ya mshipi hakuwa nayo. Hatukumficha kwa ubaya. Mzee alisema siri ya pesa ni ya watu wawili, wa tatu ni sokoni.

Masika yalipochanganya, lori letu lilikwama Ndabibi. Barabara iligeuka uji, magurudumu yakazama mpaka ekseli, na tulikaa huko siku baada ya siku tukingoja jua, tukila mahindi tuliyokuja kuyabeba. Niliporudi Bondeni matope yalikuwa yamenikaukia mpaka magotini. Bi Zaina alikuwa mlangoni. Aliponiona alijishika kilemba, na nikajua kuna msiba kabla hajasema. Siku chache nyuma Mzee Feruzi alianguka kwenye cherehani yake asubuhi, akaletwa nyumbani kwa mkokoteni, na adhuhuri alikuwa ameshakata roho. Alizikwa alasiri ile ile, kama inavyotakiwa.

Nilikaa kitandani kwake nikalia. Nasema kweli, nilimlilia yeye. Sikuwa nimekumbuka kingine. Hamisi akakaa karibu yangu, akaanza kunieleza mazishi ili kunituliza, kwamba watu walijaa, kwamba hakuna aliyepitisha kofia, kila kitu kilitoka kwenye furushi lake mwenyewe.

“Mpaka mshipi ya kufungia alikuwa amejishonea,” alisema. “Tulikuwa tunataka kurarua kitambaa, kumbe iko moja tayari, bafta ileile, imeshonwa maridadi. Nikasema, fundi ni fundi, ameshona mpaka ya kaburi. Mimi mwenyewe nikamfunga nayo kiunoni.”

“Haukuwa mgumu?”

“Si bafta mpya? Iko na wanga.”

Nakumbuka nilimtazama Hamisi nikajaribu kucheka. Nilisema, “Ule ulikuwa wangu,” na alikawia kuelewa, kisha akaelewa. Uso wake ulibadilika hata nikamwonea huruma. Mtu mwingine yeyote, asiyejua sanda, angeona ukanda mnene akauchunguza. Waliokosea ni wale waliojua maiti hufungwa kwa kitu gani, waliokuwa na haraka ya kumsitiri mzee wa watu kabla jua halijazama, na hawakuwa na sababu ya kumpekua maiti. Tangu hapo, jicho langu moja lilimlilia Feruzi na la pili likalilia pesa, na usiniulize lipi lilitoa machozi mengi.

Shekhe wa msikiti wetu alikuwa mtu mnyamavu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akamuuliza Hamisi maswali mawili, akasema sheria iko wazi. Mali ya mtu ikizikwa kwa makosa, na mwenyewe akaidai, kaburi linafunguliwa, mali inatolewa, maiti anafunikwa kwa heshima. “Hakuna wa kukulaumu. Ofisini nitakwenda mimi kuomba ruhusa. Lakini amua upesi, mwanangu, mvua hii haingoji.” Hamisi akadakia, “Nitachimba mimi, shekhe. Makosa ni yangu.” Nyumbani Bi Zaina alisikia, akaacha kuchochea moto. “Yule mzee hana ndugu hapa wa kumsemea,” alisema. “Kama angekuwa na mtoto wake amesimama pale kaburini, mngethubutu?” Hamisi akamwambia mama yangu yuko hai naye anataka kuona. “Na mimi nimesema nini?” akajibu, akageuza uso. Tulikula, kila mmoja akitazama upande wake wa sinia.

Tulikwenda asubuhi, shekhe, Hamisi, mimi, na askari mmoja aliyetumwa kuhakikisha hatufukui bunduki. Kaburi lilikuwa limetitia kidogo katikati, na mvua ilikuwa imechora vijito kwenye udongo. Shekhe akasoma. Hamisi akavua shati, akatema mate mikononi, akapiga jembe. Udongo ulikuwa laini, ulitoka kwa bonge kubwa, na nikaanza kuona yatakayofuata kama nimeshayaona: mbao, kisha bafta iliyobadilika rangi, kisha mmoja wetu akiingiza mikono chini ya kiuno cha mzee, akimwinua, akimgeuza, akipapasa. Nikamsikia Mzee Feruzi akisema hataki kushikwashikwa kama gunia. “Acha,” nikasema. Hamisi akasimama na jembe juu. Shekhe akaniuliza kwa upole kama nina hakika, kwamba siyo dhambi, kwamba ni haki yangu. Nikasema acha. Nilirudisha lile bonge mwenyewe, kwa mikono, nikalishindilia mpaka likakaa.

Habari ilitangulia kufika kabla yetu. Bi Zaina alichinja kuku wake wa mayai. Ijumaa shekhe alinitaja kwenye hotuba, bila jina, lakini watu wote waligeuza shingo. Wazee nisiowajua walinishika mkono barabarani, muuza mandazi akakataa hela yangu, na wageni wenzangu, Waganda na Wakomoro na Wanyasa, walinitazama kama mtu wa kwao. Kila mmoja alikuwa na furushi lake chini ya kitanda na aliona nimelinda la kwake. Lazima niseme kwamba zilikuwa tamu, sifa zile. Nilikuwa kijana wa kubeba magunia, hakuna aliyewahi kunisifu kwa lolote, na zilinipoza kuliko nilivyostahili kupozwa. Nilianza kukusanya upya. Hamisi alitaka kunipa mshahara wake nusu kila mwezi. Niliukataa mara mbili, mara ya tatu nikaupokea. Hata hivyo kazi ilipungua, mashamba yalikosa vibarua, Singasinga akauza lori moja, na nyumbani nilituma maneno kwa watu kwamba mama asubiri kidogo, naja.

Nilifika Kondoa kiangazi kilichofuata, na pesa isiyotimia. Mama alikuwa kibarazani, amenyoosha miguu, ungo mapajani, akichambua choroko. Alinitambua kwa hatua. Tulishikana, tulilia, aliupapasa uso wangu wote, na nilipojitoa mikononi mwake nikaona jicho la pili limekuwa kama la kwanza. Daktari alikuwa amemwona tena mwisho wa masika, akasema muda umepita, asirudi kujichosha.

Jioni ile nilimweleza yote. Nilieleza vizuri, kwa sababu nilikuwa nimeshaieleza mara nyingi Nakuru na nilijua penye kunyamaza. Nilimwambia habari ya Feruzi na hofu yake, ya jembe la Hamisi, ya bonge la udongo nililolirudisha kwa mikono. Nilingoja mkono wake kichwani kwangu. Nilidhani nimemletea kitu badala ya pesa.

“Shekhe alikuruhusu?” aliuliza.

“Aliniruhusu.”

“Akasema si dhambi?”

“Alisema ni haki yangu, mama.”

“Na mchimbaji alikuwepo.”

“Alikuwepo.”

Alichambua kwa muda. Vidole vyake vilikuwa vimeshajifunza, vilitambua jiwe na choroko kwa kugusa tu.

“Watu wa huko walisemaje?”

“Walinisifu sana,” nikasema.

“Wamekusifu kwa macho yangu, Issa,” alisema mama. “Ungefukua. Maiti hakuwa na safari nyingine, mimi nilikuwa nayo.”

Hakusema kwa hasira, na laiti angekuwa na hasira. Alitupa jiwe dogo uani, akalisikiliza likianguka, akaendelea kuchambua.